Siafu ni hatari kwa asiyeweza kuondoka

Mvua zinapoanza kunyesha huku Sagana, huja wageni wawili ambao kila mwenyeji huwatarajia. Wa kwanza ni kumbikumbi, ambao huzunguka taa za maduka usiku na kuwafurahisha watoto na kuku. Wa pili ni siafu, ambao hukata njia kimyakimya na kumfanya mtu mzima mwenye heshima zake kuruka barabarani na kukunja suruali hadi magotini mbele ya halaiki. Watu hucheka, naye akishamaliza kujikung'uta hucheka pamoja nao.

Kicheko hicho kina sababu. Mtu mzima mwenye afya anayeumwa na siafu hupata maumivu ya muda mfupi, kisha huendelea na safari yake. Lakini sasa nikuulize, msomaji: ungefanya nini ukiamka usiku wa manane na kuwakuta siafu wametanda sakafuni, na kitanda cha mtoto kiko upande wa pili wa chumba? Wengi ninaowauliza swali hili hunijibu kwamba wangekimbilia mafuta ya taa. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa maana mafuta hayo huweza kuleta balaa kubwa kuliko siafu wenyewe.

Wala usidhani kwamba jambo hili ni la mashambani tu. Wakazi wa mitaa ya Nairobi inayopakana na misitu na mito wanawajua siafu vizuri. Na wewe unayeishi ghorofani, Desemba ikifika utawapeleka watoto kwa nyanya yao, wakati mvua za vuli zingali zinanyesha.

Si kila chungu ni siafu

Tuanze na majina, kwa sababu huduma anayohitaji mgonjwa hutegemea mdudu aliyemdhuru. Wakikuyu huwaita siafu thuraku. Wale chungu wadogo wanaofuata sukari jikoni, ambao kwa Kiswahili ni sisimizi, huwaita thigiriri, na mchwa huwaita muthwa. Wazee wetu hawakuwachanganya viumbe hawa watatu, na sayansi inakubaliana nao.

Mchwa si chungu hata kidogo, ingawa wote wawili huishi kwa jamii kubwa zenye malkia. Mchwa ni jamaa wa mende. Chungu ni jamaa wa nyuki na nyigu, na ndiyo sababu wengi wao wana mwiba wenye sumu mkiani.

Huenda umewahi kuona katika runinga chungu waliobeba vipande vya majani mabichi juu ya vichwa vyao kama miavuli. Hao ni chungu wakata-majani, ambao wataalamu wamewagawa katika jenasi kama Atta na Acromyrmex. Hupatikana katika bara la Amerika peke yake. Majani wanayokata si chakula chao. Huyatafuna na kuyafanya mbolea ya kuoteshea kuvu chini ya ardhi, na kuvu hiyo ndiyo huwalisha watoto wao. Afrika haina chungu wa aina hiyo. Mkulima wa kuvu huku kwetu ni mchwa, na ule uyoga mtamu unaochipuka kwenye kichuguu baada ya mvua ni zao la shamba lake.

Kwa hiyo ukikuta sukumawiki yako imekatwakatwa, usimsingizie siafu wa msafara. Chakula chake ni nyama: wadudu, buibui, minyoo, konokono, na kiumbe yeyote mwingine aliyeshindwa kukimbia. Neno hilo "aliyeshindwa kukimbia" likumbuke, kwani ndilo kiini cha makala haya.

Wapo chungu wengine wanaotembea kwa safu na kudhaniwa ni siafu. Mmoja ni chungu mweusi mkubwa aitwaye Megaponera analis, ambaye huenda kwa safu iliyonyooka kuvamia mchwa. Huyu huchoma kwa mwiba wenye sumu, na uchungu wake ni mkali. Watafiti walioongozwa na Erik Frank nchini Ivory Coast walionyesha mwaka wa 2017 kwamba chungu hawa huwabeba majeruhi wao kutoka vitani na kuwarudisha nyumbani. Mwaka wa 2023 wakaonyesha kwamba chungu hao hutambua kidonda kilichoambukizwa na kukipaka dawa inayotoka katika tezi za miili yao. Mimi daktari sina budi kuwavulia kofia!

Kule pwani kuna majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miembe kuwa viota. Hao huuma kwa taya kisha hunyunyiza asidi mahali walipouma, na jina lao laeleza mengine.

Ukoo wa siafu

Wanasayansi wamekwisha kuzipa majina zaidi ya spishi 14,000 za chungu duniani. Siafu wamo katika jenasi iitwayo Dorylus, yenye spishi zipatazo 60, na nyingi kati ya hizo huishi chini ya udongo bila sisi kuziona. Chache tu ndizo hutoka nje kwa misafara mikubwa. Siafu wa misitu ya Mlima Kenya aliyechunguzwa sana ni Dorylus molestus. Jina hilo alipewa na Mjerumani Gerstäcker mwaka wa 1859. Molestus ni neno la Kilatini lenye maana ya msumbufu, na aliyewahi kukanyaga msafara wake hatapinga.

Hata mabingwa wa kuainisha viumbe waliwahi kuhangaishwa na ukoo huu. Mwaka wa 1764 Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka misingi ya majina ya kisayansi, alieleza mdudu mwenye mbawa aliyetoka kusini mwa Afrika, akamweka katika kundi la nyigu. Kumbe alikuwa ameshika dume la siafu. Kosa hilo lilieleweka, kwa sababu dume hafanani kabisa na jamaa zake. Ni mkubwa, ana macho, ana mbawa, na tumbo lake ni refu kama soseji. Ilikuwa katika miaka ya 1840 ambapo Thomas Savage, daktari na mmishonari aliyekuwa Liberia, aliwaona madume hao katikati ya msafara wa siafu, na uhusiano ukaanza kujulikana.

Wewe pia bila shaka umemwona dume huyo. Usiku wa mvua huingia dirishani na kugongagonga taa kama mlevi. Watoto humwogopa na akina mama huniuliza kama ana sumu. Hana. Dume la chungu yeyote halina mwiba. Mtoe nje kwa ufagio na ulale.

Jeshi la vipofu

Siafu unaowaona wakipita ni majike wasiozaa, na hawana macho kabisa. Hufuata harufu inayoachwa na walio mbele. Ukubwa wao hutofautiana sana: wapo wadogo wa milimita 2 au 3, na wapo askari wenye urefu wa zaidi ya sentimita moja, wenye vichwa vikubwa na taya zilizopinda kama mundu. Kundi moja huwa na mamilioni ya siafu, na wote ni watoto wa malkia mmoja. Malkia wa jenasi hii ndio chungu wakubwa kuliko wote wanaojulikana. Wengine hufikia urefu wa sentimita 5. Hana mbawa, na kazi yake ni kutaga mayai tu.

Siafu hupenda unyevu. Jua kali huwakausha, kwa hiyo hutoka zaidi usiku, siku za mawingu, na majira ya mvua. Penye jua utaona wamejenga kuta ndogo za udongo kando ya njia yao, na pengine paa juu yake.

Yafaa ujue kwamba kuna safari za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuwinda. Siafu hutanda kama mkeka, huingia kila ufa, hula mende na wadudu wengine waliomo, kisha huondoka baada ya saa chache. Wenye nyumba wengi wenye hekima huwapisha, wakirudi hukuta nyumba imesafishwa bure. Safari ya pili ni ya kuhama. Ukitazama kwa makini utaona wengi wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele. Hao ni watoto wao. Safu hiyo inaweza kupita mahali pamoja kwa siku kadhaa, na haifai kuivuruga.

Schöning, Njagi na Franks walifuatilia kuhama huku katika msitu wa Mlima Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2005. Chungu wa misafara wa Amerika ya Kusini waitwao Eciton huhama kwa zamu zinazojulikana, kama saa. Siafu wetu hawana ratiba. Leo wako kando ya mto, na baada ya wiki au miezi wako nyuma ya choo chako. Kwa sababu hiyo, kutowaona mwaka mzima si hakikisho kwamba hawatakuja kesho.

Wanaumaje, na nani yumo hatarini?

Silaha ya siafu ni taya, si sumu. Askari hushika ngozi, taya zikapishana ndani yake, na haachii. Ukimvuta kwa nguvu mwili hukatika na kichwa hubaki kimeng'ata. Damu kidogo hutoka, pahali huvimba na kuwasha kwa siku moja au mbili. Basi. Kwa kuwa hakuna sumu ya kutajika inayoingia mwilini, ule mzio wa hatari unaowapata baadhi ya watu waliochomwa na nyuki, nyigu au chungu wenye mwiba ni nadra sana kwa siafu.

Hatari yenyewe iko kwa asiyeweza kujiondoa. Siafu mmoja si kitu, lakini siafu elfu kadhaa juu ya mwili usiosogea ni jambo lingine. Huingia puani, mdomoni, masikioni na machoni. Kila mfugaji anajua kinachowapata kuku waliofungiwa kibandani, au sungura ndani ya sanduku, siafu wakiwakuta usiku. Binadamu walio katika hali kama hiyo ni hawa:

Mtoto mchanga. Akina mama wengi humlaza mtoto juu ya leso chini ya mgomba huku wakipalilia. Kivuli cha mgomba ni chenye unyevu, na ndicho siafu wanachokipenda.

Mgonjwa aliyelala kitandani bila kujiweza, kama vile aliyepatwa na kiharusi, au mzee aliyedhoofika.

Mwenye kifafa aliyeanguka peke yake mahali pasipo na watu.

Mlevi aliyelala kando ya njia. Hapa sihitaji kueleza zaidi.

Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Huyu anaweza kutembea, lakini hasikii anapoumwa, na kidonda kidogo kwake hugeuka kuwa kikubwa.

La kufanya

1. Ondoka kwanza, ng'oa baadaye. Usisimame kwenye msafara ukipambana na walio mguuni, kwa kuwa wengine wanazidi kupanda. Mchukue mtoto au mgonjwa, toka nje, nenda mbali na safu, mahali penye mwanga.

2. Mvue mtoto nguo zote. Siafu hujificha kwenye mikunjo ya nguo, ndani ya nepi, kwenye nywele na makwapani. Waondoe mmoja mmoja kwa kucha au kibano, ukikishika kichwa. Kagua pua, mdomo, masikio na macho.

3. Osha kwa maji safi na sabuni, kisha weka kitambaa kilichochovywa katika maji baridi. Kwa mwasho, mtu mzima anaweza kumeza dawa ya mzio kama Piriton, akikumbuka kwamba huleta usingizi na haifai kuendesha gari baada yake. Mtoto mdogo asipewe bila ushauri wa daktari au mfamasia.

4. Siafu akiingia sikioni, usichokore kwa njiti. Mlaze mgonjwa kwa ubavu, tia matone machache ya mafuta ya kupikia yenye uvuguvugu, si ya moto, ili mdudu afe, kisha mpeleke hospitali atolewe. Mwenye sikio linalotoa usaha au lenye ngoma iliyotoboka asitiwe kitu. Akiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi bila kusugua, na uende ukaonwe.

5. Wafungulie kuku, sungura na mbwa. Wao wanajua kukimbia wakipewa nafasi.

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kukawia akiwa ni mtoto mchanga aliyeumwa mahali pengi, au akianza kuvimba midomo na uso, kukoroma au kupumua kwa shida, kutokwa na vipele mwili mzima, kutapika au kuzimia. Hizo ni dalili za mzio mkali, na tiba yake ni sindano ya adrenalini, ambayo haingoji asubuhi. Kidonda kinachozidi kuwa chekundu, chenye usaha au homa baada ya siku mbili, nacho kionwe na daktari.

La kutofanya

Sasa turudi kwa yale mafuta ya taa. Katika kazi yangu nimehudumia watu wengi zaidi walioumizwa na mafuta hayo kuliko walioumizwa vibaya na siafu. Yakimwagwa kwenye ngozi ya mtoto huichubua. Yakimwagwa sakafuni karibu na jiko au koroboi, nyumba huwaka. Petroli ni mbaya zaidi, kwa sababu mvuke wake hulipuka. Na yale yanayobaki huwekwa kwenye chupa ya soda chini ya meza, mahali ambapo mtoto mwenye kiu huyafikia. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni huleta nimonia kali. Mtoto akiyanywa, usimtapishe na usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

Hali kadhalika, dawa za kunyunyizia nyanya na kahawa si za nyumbani. Huku Kirinyaga zimo karibu katika kila boma la mkulima, na kishawishi cha kuzitumia ni kikubwa. Baadhi yake hupita kwenye ngozi na pumzi. Mtu akianza kutokwa na mate na jasho jingi, misuli ikamtetemeka, mboni za macho zikawa ndogo na pumzi ikawa nzito, huyo amelishwa sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe, mpeleke hospitali pamoja na kopo la dawa.

Badala ya hayo, mwaga majivu mlangoni na katika nyufa. Huvuruga njia yao ya harufu. Majani yaliyosongamana karibu na madirisha yafyekwe. Palipo na siafu mara kwa mara, miguu ya kitanda cha mtoto inaweza kusimamishwa ndani ya mikebe yenye maji na sabuni kidogo, na kitanda kisiguse ukuta wala blanketi lisiburure chini. Maji hayo yabadilishwe kila siku, yasije yakawa makao ya mbu.

Kushona kidonda kwa siafu

Swali moja huulizwa kila ninapozungumzia jambo hili: je, ni kweli kwamba siafu wanaweza kushona kidonda? Inasimuliwa kwamba zamani askari wa siafu alishikwa, akasogezwa kwenye kidonda akang'ata kingo mbili pamoja, kisha mwili ukakatwa na kichwa kikabaki kama uzi. Si porojo. Kitabu cha kale cha tiba cha Kihindi, Sushruta Samhita, kinaeleza kutumia chungu wakubwa kuunganisha utumbo uliopasuka.

Lakini waliofanya hivyo hawakuwa na uzi wala sindano. Kidonda kilichofungwa na uchafu ndani yake hugeuka jipu, na vijidudu vya pepopunda hustawi mahali pasipopata hewa. Osha kidonda, kibane kwa kitambaa safi, na uende kwenye kituo cha afya. Huko utashonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda.

Usiwaue ovyo

Kumaliza safu iliyo nyumbani mwako hakumalizi kundi, kwa kuwa malkia yuko chini ya ardhi akiendelea kutaga. Isitoshe, siafu wanapunguza wadudu waharibifu, na katika msitu wa Kakamega wako ndege wanaofuata misafara yao ili wadake wadudu wanaotoroka. Wao wana njia yao, na kwa kawaida saa chache zinatosha kwao kupita.

Kilicho juu yako ni kupanga mapema. Weka tochi mahali unapoifikia gizani. Usimwache mtoto mchanga peke yake shambani, hata kwa mstari mmoja wa kupalilia. Mzee asiyejiweza asilale nyumba ya peke yake msimu wa mvua. Na kabla hujasafiri Desemba, mwambie yaya na watoto wakubwa neno moja tu: siafu wakiingia, atolewe kwanza asiyeweza kutembea, mengine yafuate.